Pikapu Kuukuu: Kuifufua au Kuichinja?

Apitaye katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, asubuhi kabla jua halijawa kali, hupokewa na sauti za nyundo na harufu ya dizeli. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili tangu zamani za ukoloni, na ni mtaa wa mafundi. Kando ya barabara zake zilizopewa nambari badala ya majina, magari yasiyo na magurudumu yameinuliwa juu ya matofali, na vijana wenye mikono myeusi kwa grisi wamelala chini ya matumbo yake. Miongoni mwa magari hayo, pikapu haikosekani. Na kila pikapu iliyoinuliwa namna hiyo inamngoja mwenyewe ajibu swali moja tu: je, ifufuliwe irudi barabarani, au ichinjwe, viungo vyake viuzwe kimoja kimoja?

Pengine mtu atauliza: kwa nini swali la gereji liletwe mbele ya askari na polisi? Twamjibu kwamba sababu zipo tatu. Kwanza, pikapu ni chombo cha kazi yetu. Hakuna asiyejua kwamba mwaka 1987 majeshi ya Chad, yakiwa juu ya pikapu za Toyota, yaliyashinda majeshi ya Libya yaliyokuwa na vifaru, kwanza Fada mwezi Januari na kisha Ouadi Doum mwezi Machi, hata vita vile vikapewa jina la gari hilo. Pili, wengi wetu huweka akiba yetu katika gari la kazi. Wapo waliohudumu Somalia, ambako wanajeshi wa Burundi walianza kupelekwa mwezi Desemba 2007, na wapo waliojinyima miaka mingi, ili siku ya kustaafu wawe na pikapu ya kubeba mchanga, matofali au mazao. Tatu, gari lililovunjwavunjwa likiangukia mikononi mwa mhalifu huzaa kesi, na kesi hiyo humfikia polisi.

Twasema mapema tunachokiamini, ili msomaji asitutafute mwishoni. Pikapu kuukuu ina njia mbili za heshima: kufufuliwa au kuchinjwa. Njia zote mbili zaweza kuwa na faida. Hasara imo katika njia ya tatu, nayo ndiyo ifuatwayo na wengi: kuiacha uani bila uamuzi, leo ikatolewa betri, kesho dinamo, mtondo kioo, hata siku mwenyewe atakapoamka, hana gari wala hana fedha.

MAFUNZO YA ZIWANI

Mifano ya uamuzi wa namna hii haiko mbali nasi. Tukisimama ufukoni mwa Bujumbura, tunayaona maji yaliyoshuhudia mfano mkubwa kupita wote.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilizuiliwa na Waingereza katika vijito vya mlango wa mto Rufiji, huko Tanganyika. Tarehe 11 Julai 1915 ilipigwa mizinga hata ikawa haifai tena, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Jumba lake lilikuwa limevunjika, na hapakuwa na karakana ya kuliunga. Lakini mizinga yake 10, yenye mdomo wa milimita 105, ilikuwa bado mizima. Basi wakaitoa majini, wakaipeleka Dar es Salaam, wakaitengenezea magurudumu, nayo ikapiganishwa nchi kavu. Manowari ile ilichinjwa, na viungo vyake vikafanya kazi baada ya mwili kufa.

Mzinga mmoja kati ya hiyo ulisafirishwa hadi Kigoma, ukafungwa juu ya meli ya ziwani iitwayo Graf von Götzen. Meli hiyo ilikuwa imeundwa mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha, ikaletwa kwa bahari na kwa reli, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipolazimika kukimbia, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake walizipaka injini grisi nzito, kwa tumaini kwamba ipo siku itaibuliwa. Tumaini hilo halikuwa bure. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikafungwa za dizeli, nayo ikaendelea kubeba watu na mizigo ya ziwa hili hadi karne ya 21.

Msomaji atazame tofauti. Meli mbili, vita moja, mafundi wa taifa moja. Moja ilichinjwa na nyingine ikafufuliwa, na wala hakuna aliyekosea. Königsberg mwili ulikufa, viungo vikabaki. Götzen mwili ulikuwa mzima, na hata injini zilipochakaa, zilibadilishwa. Kanuni ya magari ni hiyo hiyo.

MIFUPA KWANZA

Katika pikapu, mwili tunaousema ni chasisi, yaani ile mihimili miwili ya chuma inayokwenda kutoka mbele hadi nyuma, ambayo juu yake hukaa injini, kibanda cha dereva na sanduku la mizigo. Injini hubadilishwa, giaboksi hubadilishwa, milango hubadilishwa. Chasisi iliyooza au kupinda ni habari nyingine. Kwa hiyo mtu asianze kwa kufungua boneti. Aanze kwa kulala chini.

Achukue nyundo ndogo, aigonge mihimili yote kwa utaratibu, toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito iliyokufa, na mara nyingine nyundo hupenya. Atazame zaidi sehemu ya nyuma ya kibanda, na mahali vinaposhikizwa vishikizo vya springi za nyuma, kwa kuwa hapo ndipo matope hukaa na uzito hukandamiza. Pikapu iliyofanya kazi ya kubeba mchanga, au iliyobeba samaki wabichi kwa miaka mingi huku maji yakidondoka, haiwezi kuaminiwa kwa rangi yake ya nje.

Kisha achukue kamba, apime kutoka pembe ya mbele kulia hadi pembe ya nyuma kushoto, halafu apime kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, chasisi imenyooka. Vikitofautiana sana, gari limewahi kugongwa au kubebeshwa kupita kiasi, nalo litakula matairi na kukataa kwenda sawa hata likitiwa injini mpya. Aidha, atafute alama za kuchomelewa. Kiraka kimoja kilichochomelewa na fundi stadi si dhambi; viraka vitatu mahali pamoja ni cheti cha kifo.

Hapa yafaa tukumbushane jambo la uhai. Barabara ya Taifa Namba 1 hutoka Bujumbura karibu na usawa wa ziwa, kiasi cha mita 770 juu ya bahari, ikapanda milima hadi Bugarama, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000, kwa mwendo wa kilomita chache tu. Anayepanda na gari tupu atateremka na gari lililojaa viazi, kabichi na watu. Gari lenye chasisi iliyooza likiwa na mzigo juu ya mteremko ule ni hatari kwa dereva, kwa abiria na kwa watoto waendao shule kando ya njia. Hakuna hesabu ya fedha inayoweza kusimama mbele ya hatari hiyo. Chasisi ikifa, pikapu imekufa, ichinjwe.

INJINI ISEME YENYEWE

Chasisi ikiwa nzima, ndipo tuifikie injini. Pikapu nyingi za zamani zilizobaki hapa kwetu ni Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990, zenye injini za dizeli za ukoo uitwao L: ile ya 2L yenye ujazo wa lita 2.4, na ile ya 3L yenye lita 2.8. Injini hizi zina sifa moja kubwa: pampu yake ya dizeli ni ya chuma na springi, haina kompyuta. Fundi mwenye macho, masikio na spana aweza kuifungua na kuifunga. Hilux zilizokuja tangu mwaka 2005, zikiwa na injini za D-4D, zina nguvu zaidi na hutumia mafuta vizuri zaidi, lakini nozeli zake huongozwa kwa umeme na hazivumilii mafuta machafu; kuzifufua kwahitaji vyombo visivyopatikana chini ya kila mwembe.

Ukoo wa L una aibu mbili ambazo mnunuzi na mwenye gari hawana budi kuzijua. Ya kwanza ni silinda hedi: injini ikichemka mara kadhaa kwa sababu rejeta imeziba, hedi hupasuka. Ya pili ni mkanda wa taimingi, ambao ni wa mpira na unapaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Ukikatika injini ikiwa mwendoni, vali hugongana na pistoni.

Namna ya kuichunguza ni hii. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta utazame kama yana mafuta. Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na mshukiwa wa kwanza ni hedi au gasketi yake. Washa injini. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, yaani ringi za pistoni au miongozo ya vali imechakaa. Moshi mweupe usiokoma hata injini ipatapo moto waweza kuwa maji. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kupita hewa, na mara nyingi dawa yake ni nozeli na chujio, gharama ndogo. Mwishowe, fundi aliye na kipimo cha mgandamizo apime silinda zote nne. Katika injini za ukoo huu, silinda yenye afya hutoa kilo 30 na zaidi kwa sentimita moja ya mraba. Ikishuka chini ya 20, au silinda zikitofautiana kwa zaidi ya 5, injini yataka kufumuliwa. Gharama ya kipimo hicho ni ndogo mno ukiilinganisha na hasara ya kukisia.

HESABU BILA MAPENZI

Wengi hupiga hesabu ya kufufua gari kwa kujumlisha vipuri na ujira wa fundi, basi. Hesabu hiyo ni pungufu. Imesahau kwamba gari bovu lenyewe ni mali: lingechinjwa, lingeleta fedha. Fedha hizo ambazo mwenyewe anaziacha zikae ndani ya gari, hizo nazo ni gharama ya kufufua.

Tutoe mfano usiofungamana na sarafu yoyote, ili udumu hata bei zikibadilika. Tuseme pikapu ya aina fulani, ikiwa nzima, sokoni huuzwa kwa 100. Yetu ni mbovu, na tukiuza viungo vyake vyote kwa subira tungepata 45. Fundi ametuambia matengenezo yatagharimu 35. Askari aliyezoea mambo ya vita hujua kuweka akiba ya dharura. Nasi tuongeze theluthi moja, yaani 12, kwa yale yatakayogunduliwa gari likishafunguliwa. Jumla ya matengenezo ni 47. Tukiongeza 45 tulizoziacha, gharama ya kweli ni 92. Tumepata gari la 100. Faida ni ndogo, lakini ipo: tufufue.

Sasa tuseme fundi amesema 60 badala ya 35. Akiba ya dharura ni 20, jumla 80. Tuongeze 45, twafikia 125. Tutakuwa tumetoa 125 ili tupate kitu cha 100. Mtu wa namna hiyo akisema kwamba ameokoa gari lake, amejidanganya. Angelichinja, angebaki na 45 mkononi na 80 mfukoni, akanunua jingine zima na bado akabaki na chenji ya 25.

Katika hesabu hii liingizwe pia suala la kazi. Pikapu itafanya nini ikishapona? Katika miaka ya karibuni Bujumbura imeonja uhaba mkubwa wa mafuta, magari yakipanga foleni kwa siku kadhaa. Gari lisilopata mafuta halizalishi, hata kama linang'aa. Mwenye kazi ya uhakika na mafuta ya uhakika aweza kuvumilia hesabu iliyo sawasawa. Asiye na kazi wala mafuta asifufue ili jirani wamwone.

Kwa upande mwingine, ipo sababu inayoweza kuipa nguvu hoja ya kufufua: vipuri vya nje havitabiriki. Wazee wanakumbuka vikwazo vya kiuchumi vilivyowekwa na nchi jirani tangu Julai 1996 hadi vilipositishwa Januari 1999. Mafuta yaliadimika, bidhaa za nje zikapanda bei. Wakati kama huo gari kuukuu linalotengenezeka kwa mikono ya nyumbani lina thamani kuliko gari jipya linalongoja kipuri kutoka ng'ambo.

JUNGU KUU HALIKOSI UKOKO

Aliyeamua kuchinja asione haya, kwani wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Injini ya ukoo wa L haiingii katika Hilux peke yake. Basi nyingi ndogo za Toyota HiAce za miaka ile zilibeba injini za ukoo huo huo. Kwa hiyo mwenye HiAce ya abiria aliyepasukiwa hedi ni mteja, sawa na mwenye pikapu.

Lakini kuchinja nako kuna utaratibu wake, na kosa lililo kuu ni kuanza na vitu vidogo. Anayetafuta injini huitaka ikiwa kamili, na pampu yake, stata yake na dinamo yake. Ukishaiuza stata peke yake kwa sababu fedha ya sukari imekwisha, umeishusha bei ya injini kuliko ulichopata. Basi kwanza iuzwe injini kamili, ikiwezekana ikiwa bado ndani ya gari ili mnunuzi aisikie ikinguruma. Kisha giaboksi, difu na ekseli. Kisha milango, vioo, taa, viti, matairi. Chasisi na mabati iwe mwisho, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mnunuzi naye ajue mipaka. Nchini Burundi twaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yaliyotumika huingia na usukani wa kulia, kwa sababu yalitengenezwa kwa ajili ya Japani. Boksi ya usukani na dashibodi ya gari la usukani wa kulia haviingii katika gari la usukani wa kushoto. Na vipo vitu ambavyo mtu mwenye busara hanunui vikiwa vimetumika, hata akipewa kwa nusu bei: viatu vya breki, mipira ya breki, na viungo vya usukani.

Tena, oili chafu isimwagwe katika mtaro. Mitaro ya Bujumbura huteremkia mito, na mito huteremkia Ziwa Tanganyika, ambako mji huchota maji yake ya kunywa. Oili itiwe katika madumu yenye vifuniko, na betri kuukuu, yenye risasi na asidi, isichezewe na watoto.

NENO KWA POLISI

Gari lina majina mawili ya kuzaliwa: nambari ya chasisi na nambari ya injini. Kadi ya gari, ile wakazi wa Bujumbura waiitayo carte rose, ni cheti chake cha kuzaliwa. Gari linapochinjwa, cheti hicho hubaki, na hapo ndipo mhalifu huvizia. Hununua kadi, sahani za namba na kipande cha chasisi chenye nambari, kisha huvihamishia katika gari la wizi la rangi na aina ile ile. Gari la wizi limepata jina la marehemu. Mbinu hii yajulikana duniani kote, na ndiyo maana Interpol huweka daftari la kimataifa la magari yaliyoibwa, ambalo polisi wa nchi wanachama wanaweza kuliuliza.

Kwa hiyo mwenye kuchinja gari asiuze kadi wala sahani za namba. Aende kwa wenye mamlaka, gari lifutwe katika daftari, apewe karatasi ya ushahidi. Auzapo injini, aandike hati yenye nambari ya injini, jina la mnunuzi, tarehe na sahihi mbili. Na aliyeifufua pikapu yake kwa injini ya gari jingine aiandikishe nambari mpya kabla hajakutana na kizuizi cha barabarani. Polisi naye, anapoona nambari ya chasisi iliyozungukwa na alama mpya za kuchomelea, au rangi mbichi mahali pamoja tu, asipite haraka. Hapo pana swali la kuulizwa kwa adabu.

NENO KWA WENYE GEREJI ZA VIKOSI

Hali kadhalika, desturi ya kutoa kiungo katika gari moja na kukitia katika jingine inajulikana katika majeshi yote. Waingereza, katikati ya Vita Kuu ya Pili, waliona umuhimu wa ufundi huo hata wakaunda kikosi maalumu cha mafundi wa mitambo na umeme, kiitwacho REME, tarehe 1 Oktoba 1942. Walikuwa wamejifunza katika jangwa la Afrika ya Kaskazini kwamba anayewahi kukiokota na kukitengeneza kifaru chake kilichopigwa, huyo ana vifaru kesho yake.

Lakini desturi hiyo isipoandikwa huwa wizi usio na mwizi. Dereva wa kwanza ametoa chujio, wa pili ametoa rejeta, wa tatu amechukua stata. Kila mmoja alikuwa na nia njema, na kila mmoja gari lake lilitembea siku ile. Mwisho wa mwaka kikosi kina magari mawili yaliyokufa, ambapo kingekuwa na moja zima na moja lililochinjwa kwa hesabu. Mali bila daftari huisha bila habari. Gari la serikali haliamuliwi na dereva wala na fundi: huamuliwa kwa maandishi na wenye mamlaka, na tangu saa ile kila spana inayolifungua iwe na mstari wake katika daftari.

MAJIRANI WAWILI

Tumalizie kwa mfano wa kufikirika, ambao kila msomaji aweza kuuona mtaani kwake. Sajini mmoja amekaribia kustaafu. Ana Hilux ya mwaka 1990, injini 2L. Hedi imepasuka, oili imekuwa maziwa. Lakini chasisi inalia kama kengele, na karatasi zake zimekamilika. Jirani yake ni koplo wa polisi, ana Hilux ya aina ile ile, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Injini yake ni nzima, mgandamizo haujashuka. Ila chasisi imechomelewa mara tatu nyuma ya kibanda, na vishikizo vya springi vimeanza kuchanika.

Kila mmoja anang'ang'ania lake. Sajini anatafuta hedi mpya kwa fedha ya kiinua mgongo ambayo hajaipokea. Koplo anatafuta mchomeleaji wa mara ya nne, kwa kuwa gari ni la baba, na mama yake mzee husema kwamba akiliona uani humwona mumewe. Sisi hatulicheki neno hilo. Gari lililolisha watoto na kuwapeleka wagonjwa hospitali lina heshima yake nyumbani. Lakini tungemwambia koplo kwa upole: Ndugu yetu, baba aliliacha lifanye kazi. Mzee hakukuachia chuma kikuangushe Bugarama ukiwa na wanao ndani. Chukua usukani wake, utundike ukutani. Injini yake iuze kwa jirani, iendelee kunguruma mtaa ule ule, na mama atausikia mlio wake kila alfajiri.

Na sajini tungemwambia: hedi mpya juu ya injini iliyochoka ni kofia mpya juu ya kanzu iliyoraruka. Pima silinda kwanza. Zikiwa zimechakaa, nunua injini nzima ya jirani, kwa hati, na uandikishe nambari yake. Kutoka pikapu mbili zilizolala, mtaa umepata moja inayotembea, koplo amepata fedha ya kuanzia, na hapana kilichopotea isipokuwa chuma kilichokwisha kufa. Mzinga wa Königsberg ulipanda juu ya Götzen kwa kanuni hiyo hiyo.

Basi, ndugu askari na ndugu polisi, mwenye pikapu iliyosimama uani asiingoje mvua nyingine. Jumamosi moja yatosha: nyundo na kamba kwa chasisi, kipimo kwa injini, kalamu kwa hesabu, na kadi ya gari juu ya meza. Chasisi nzima, karatasi safi na hesabu isiyozidi thamani, hiyo ifufuliwe. Kimoja kati ya hivyo vitatu kikikosekana, ichinjwe kwa utaratibu na kwa daftari. Jioni ya siku hiyo uamuzi uwe umeandikwa, kwa maana mshika mbili moja humponyoka, na kutu haipumziki siku ya Jumapili.